Barua kwa Mwanangu: Anza na Hesabu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ufanye nini katika miezi sita iliyobaki kabla ya kuanza masomo ya uuguzi, na kama ukariri majina ya mifupa kwanza. Mifupa utafundishwa, usiihangaikie. Anza na hesabu, maana hapo ndipo kosa dogo humdhuru mgonjwa.

Chukua dripu. Daktari ameagiza mililita 1,000 ziingie kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Hayo ni matone 20,000 kwa dakika 480: gawanya, upate 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Lakini ipo mipira ya matone 10, ya 15, hata ya 60, na idadi huandikwa kwenye pakiti. Isome kila mara. Ukishika mpira wa 60 ukidhani ni wa 20, ukauachia matone 42, maji ya saa 8 yatachukua karibu saa 24, na mgonjwa aliyepungukiwa maji atazidi kudhoofika huku dripu inaonekana inakwenda vizuri.

Kwa sindano, gawanya kiasi kilichoagizwa kwa kiasi kilichomo kwenye kichupa, kisha zidisha kwa ujazo wake. Ameagizwa miligramu 75, kichupa kina 100 ndani ya mililita 2: vuta mililita 1.5. Kabla ya yote linganisha vipimo, kwani miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Andika 0.5, usiache sifuri ya mbele. Na usiandike 5.0, nukta ikififia itasomeka 50. Fanya hesabu kumi kila siku bila kikokotoo, na kila mara kadiria jibu kabla ya kulitafuta.

Jizoeze pia kuhesabu pumzi za watu wa nyumbani. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20 kwa dakika. Usimwambie unahesabu, maana atabadilisha upumuaji wake; endelea kumshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unapima mapigo, macho yako yakiwa kifuani. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, pumzi moja uliyoikosa inakuwa nne.

Kunawa kwa sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60. Kidole gumba na ncha za vidole ndizo husahaulika, na ndizo zinazomgusa mgonjwa.

Jambo lisilosubiri ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa kawaida dozi ni tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Ndiyo maana nakuomba uende wiki hii. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, pima damu kuona kama kinga imejengeka.

Na sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko kamwe. Ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa papo hapo hata kama unaona aibu. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zianzwe mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72.

Nitumie hesabu zako za wiki ya kwanza, na njia uliyofuata, si majibu matupu. Nataka kuona nukta umeziweka wapi.

Akupendaye,
Mama