Tiramisu yangu hutoa maji: nakosea wapi?

SWALI: Shefu, salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Kila nikitengeneza tiramisu, kile kitindamlo cha Kiitaliano cha biskuti zilizoloweshwa kahawa na krimu, huniharibikia vilevile. Mascarpone (lile jibini laini la Kiitaliano) naipiga kwa mashine pamoja na mayai na sukari ili ishike, lakini hugeuka chengachenga na kuanza kutoa maji. Biskuti nazilowesha kwenye kahawa ya moto, na kesho yake nakuta kahawa imetuama chini ya bakuli. Kipande hakikatiki, kinachotwa kwa kijiko. Halafu nyumbani kwetu hatutumii pombe, na naambiwa bila pombe hiyo si tiramisu ya kweli. Mayai mabichi nayo yananitia hofu, maana mama mkwe ni mtu mzima na wifi yangu ni mjamzito. Na mascarpone ni ghali mno. Je, naweza kutumia kitu kingine?

JIBU: Dada yangu, tuanze na la pombe maana ndilo jepesi. Aliyekwambia hivyo amekosea. Tiramisu ambayo wengi huihesabu kuwa ya asili ni ya mkahawa wa Le Beccherie mjini Treviso, kaskazini mashariki mwa Italia. Hapo Alba Campeol na mpishi wa vitindamlo Roberto Linguanotto waliitengeneza, na ikaingia kwenye menyu mwanzoni mwa miaka ya 1970. (Majirani zao wa Friuli hawakubali hata kidogo, wao hutaja hoteli moja ya Tolmezzo na miaka ya 1950, na ubishi huo bado uko motomoto.) Mwaka 2010 mapishi ya Treviso yaliandikishwa rasmi na Accademia Italiana della Cucina, taasisi ya Italia ya kulinda mapishi ya asili: viini vya mayai 12, sukari nusu kilo, mascarpone kilo moja, biskuti za savoiardi 60, kahawa na kakao. Basi. Pombe haimo, krimu ya kupiga haimo, hata ute wa yai haumo. Marsala (mvinyo wa Kiitaliano) na ramu zilikuja baadaye kwa mikono ya wapishi wengine. Pika yako bila pombe na usimwombe mtu radhi.

Sasa itazame tena orodha hiyo, kwa sababu ndani yake mna jibu la matatizo yako mengine. Hakuna jelatini, hakuna wanga, na chombo hakiingii kwenye oveni. Kinachoifanya tiramisu isimame ni mafuta ya mascarpone, na biskuti inayonyonya unyevu uliopo. Kwa hiyo ikitoa maji, ama mafuta hayo yamevunjwa, ama kahawa imezidi uwezo wa biskuti. Kwako yametokea yote mawili.

Mascarpone ni krimu iliyopashwa moto kisha ikagandishwa kwa asidi, na mafuta yake hufika asilimia 40 na zaidi. Mafuta hayo yamo kama vitone vidogo sana vilivyotawanyika ndani ya maji. Ukiikoroga kwa upole vitone hukaa mahali pake na mchanganyiko huwa mzito na laini. Ukiipiga kwa mashine kwa nguvu, vitone hugongana, hushikamana, na kinachofuata ni kile kile anachokifanya mtu anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu: siagi upande huu, maji upande ule. Zile chengachenga unazoziona ni siagi inayoanza kuzaliwa. Kuendelea kupiga ili "ishike" ndiko kunakoimaliza kabisa. Ukiona inaanza tu kupoteza ulaini, zima mashine, ongeza vijiko viwili vya krimu isiyopigwa, ukoroge polepole kwa mkono. Mara nyingi hurudi. Maji yakishajitenga, usihangaike nayo. Kama bado haijatiwa sukari na mayai, itie kwenye mchuzi wa pasta.

Joto nalo lina sehemu yake, na jiko la Mombasa halina huruma. Viini vikiwa bado vya moto vitayayeyusha mafuta na krimu itakuwa nyepesi kama uji. Mascarpone nayo ikitoka kwenye friji moja kwa moja itaacha mabonge, nawe utashawishika kuyapiga. Itoe robo saa kabla, uiponde kidogo kwa mwiko peke yake mpaka ilainike, ndipo uichanganye. Siku za joto kali mimi huweka bakuli juu ya bakuli jingine lenye barafu.

Kuhusu mayai, hofu yako ni ya haki. Viini vibichi vinaweza kuwa na salmonela, na mjamzito na mzee ni watu wa kwanza kulindwa. Mapishi ya Treviso hutumia viini vibichi. Mimi siwapi wageni viini vibichi, na sioni kwamba ladha inapungua. Naona krimu inasimama vizuri zaidi. Kwa chombo cha watu wanane hivi chukua nusu ya kipimo: viini 6 na mascarpone gramu 500. Sukari ya kipimo cha asili ingekuwa gramu 250, lakini kwangu 150 zinatosha. Weka viini na sukari kwenye bakuli la chuma au la kioo kisichopasuka kwa moto, juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, sehemu ya chini ya bakuli isiguse maji. Piga mfululizo kwa kipigio cha waya, usisimame hata kujibu simu. Mwanzoni ni rangi ya chungwa na sukari inakwaruza. Baadaye hujaa povu, hupauka, huwa nzito. Tumia kipimajoto: zikifika nyuzi 71 umeshaua wadudu, na ukienda hadi 75 bado uko salama kwa sababu sukari huchelewesha yai kuganda. Ondoa motoni, endelea kupiga mpaka bakuli liwe la baridi ukiligusa kwa kiganja. Inua kipigio: uzi unaodondoka ukae juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Hapo ndipo mascarpone iingie, kwa mafungu matatu, kwa mwiko. Mashine haina kazi tena. Kama huna kipimajoto, kinunue kabla ya kumlisha mjamzito.

Utaona mapishi mengi yanayoongeza ute uliopigwa povu. Krimu huwa nyepesi na ya kupendeza siku hiyo, lakini povu hilo huachia maji kesho yake, na ute wenyewe ni mbichi. Kwa tatizo ulilo nalo, uache.

Tuje kwenye biskuti. Savoiardi ni keki nyepesi iliyokaushwa, yenye matundu mengi, ndiyo maana hunywa haraka. Kahawa ya moto huingia mara moja hadi katikati na kuyeyusha sukari inayoishikilia biskuti. Kahawa iwe imepoa kabisa, imwagwe kwenye sahani pana, isizidi kina cha nusu ya biskuti. Laza biskuti, igeuze, itoe. Hesabu "moja" kila upande, usifike "mbili". Ukitaka uhakika, itoe ya kwanza kabisa uivunje: nje iwe ya kahawia na iloe, katikati kubaki na mstari mweupe mkavu unene wa penseli. Utadhani umekosea na itabaki ngumu. Haitabaki. Usiku mzima ndani ya friji unyevu wa kahawa na wa krimu utaufuata ule ukavu mpaka ulainike wote. Biskuti iliyolainika tayari mikononi mwako haina pa kuweka maji yatakayokuja, ndiyo yanatuama chini. Kwa biskuti 30 kahawa ya mililita 300 inatosha kabisa, na kuna itakayobaki kwenye sahani.

Kahawa iwe nzito na bila sukari. Waitaliano hutumia espresso au kahawa ya moka (birika lao dogo la jikoni), na michanganyiko mingi ya espresso yao huwa na robusta ndani yake, aina ile ile inayolimwa Bukoba, kwa hiyo kahawa ya Bukoba haina ugeni hapa. Kama huna moka, pika kahawa ya unga kwenye birika kwa nguvu kuliko unavyokunywa, uichuje vizuri. Machicha kwenye krimu yanakera ulimi.

Biskuti za chai usizitumie. Ni nzito, hukataa kahawa kisha huanguka zote kwa pamoja. Savoiardi zikikosekana oka mwenyewe: mayai 3, ute upigwe na sukari gramu 90 mpaka usimame, viini viingizwe, kisha unga wa ngano gramu 90 uliochekechwa, kwa mkono mwepesi. Chora vidole kwenye trei, nyunyiza sukari ya unga, oka kwa nyuzi 180 dakika 12 hadi 15, kisha ziache zikauke ndani ya oveni iliyozimwa.

Na mascarpone ghali? Jibini la krimu lina chumvi na uchachu. Utapata kitindamlo kizuri, lakini ladha itakuwa ya cheesecake. Bora utengeneze mascarpone yenyewe. Pasha lita moja ya krimu yenye mafuta asilimia 35 au zaidi hadi nyuzi 85 au 90, tia vijiko viwili vya maji ya ndimu, koroga dakika tano kwenye joto hilo hilo. Itakuwa nzito kiasi cha kupaka mgongo wa kijiko. Usingoje igande kama maziwa mgando. Ipoe, imimine kwenye chujio lenye kitambaa safi, iweke kwenye friji usiku kucha ichuje maji. Usifupishe hatua hii, kwa sababu maji utakayoyaacha humo utayakuta tena chini ya bakuli. Pima gramu 500, inayobaki paka mkate.

Kupanga ni kazi ndogo: biskuti, krimu, biskuti, krimu. Friza huihitaji, barafu ikiyeyuka huongeza maji. Funika vizuri, maana mascarpone hunyonya harufu ya samaki na vitunguu bila kuchelewa, uiache kwenye friji kwa muda wa saa 12. Kakao isiyo na sukari ichekeche juu wakati wa kupakua tu, la sivyo italowa na kuwa madoa meusi. Imalizeni ndani ya siku mbili. Umeme ukikatika na chombo kikakaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, mwaga, hata kama harufu bado ni nzuri.