Fundi wangu ananinyima dirisha

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimeona picha ya Hardwick Hall, jumba la kale la Uingereza. Upande wa mbele ni vioo vitupu! Mimi najenga Goba, nataka dirisha la sebuleni la futi nane, fundi anasema ukuta utapasuka. Hao wa zamani waliwezaje bila nondo?
Msomaji, Goba

JIBU: Marahaba mwanangu. Jumba hilo liko Derbyshire. Alijijengea mjane tajiri, Bess wa Hardwick, kati ya 1590 na 1597, na anayetajwa kulichora ni Robert Smythson. Kioo enzi hizo kilikuwa ghali, kwa hiyo mama alikuwa anajionyesha, tuseme ukweli.

Ujanja wake hauonekani kwa nje. Nyumba za nchi za baridi zina meko ya kuotea moto, na bomba za moshi mara nyingi zilipandishwa kwenye ukuta wa nje. Pale zimeingizwa kwenye kuta za ndani, ukuta wa nje ukabaki huru kutobolewa. Halafu ikuze picha uangalie dirisha moja. Limegawanywa na vijiti vya mawe, wima na mlalo. Jiwe la juu halivuki nafasi yote kwa mkupuo, linapumzika juu ya kila kijiti cha wima. Wewe futi nane zako unazitaka wazi.

Zitasimama, ila linta, yaani boriti ya zege juu ya dirisha, iwe mkanda unaozunguka nyumba nzima, nondo zikokotolewe na mhandisi, na mirunda, yaani miti inayoishikilia zege likikauka, isiguswe mapema. Mwaka 1987, Magomeni, niliitoa siku ya nne kwa kuwa nilizitaka mbao zangu kwenye kazi nyingine. Ufa ulitoka kwenye kona ya dirisha ukapanda kama mjusi. Nilirudia kwa pesa yangu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jua. Hata Hardwick, na mawingu yao yote, siku hizi hushusha mapazia ili mwanga usififishe vitambaa vya kale vya ukutani. Nao hawawezi kuziba dirisha hata moja bila kibali, jumba liko daraja la juu kabisa la hifadhi. Wewe hujamwaga hata zege. Na dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu, kwa hiyo futi nane za kioo ni futi nne za upepo.

Hujaniambia sebule inatazama wapi. Nenda saiti saa tisa alasiri, simama pale dirisha litakapokaa, kisha niandikie.