Kabla Hujamrushia Mfu Uchawi, Soma Maneno Yake

Hakuna kinachokatisha tamaa mezani kama mchezaji aliyetunza uchawi wake mkubwa kwa saa nzima, akaja kuurusha kwa mfu anayetembea, kisha akaambiwa haukufanya kitu. Nimesimamia michezo ya kuigiza ya mezani kwa miaka mingi, na ninapokuwa mchezaji huwa nachagua kasisi, mhusika anayeponya na kufukuza wafu. Mabishano makali ninayoyaona huwa ni ya wafu hai. Je, wanalala? Je, wanaweza kutekwa akili? Ukimponya mfu, anapona au anaungua?

Ushauri wangu ni mmoja: usikisie kwa kufikiria maiti huwa ikoje. Jibu liko sehemu mbili tu, yaani maneno ya uchawi wenyewe na maelezo ya kiumbe kilicho mbele yako. Mifano mingi hapa chini ni ya mchezo wa Dungeons & Dragons kwa kanuni za 2014. Kanuni zilizorekebishwa 2024 zimegeuza baadhi ya mambo, kwa hiyo kubalianeni mapema mnatumia zipi.

Chukua kiunzi cha mifupa. Wachezaji wengi wanaamini hakitekeki akili kwa sababu hakina ubongo. Soma maelezo yake: kina kinga dhidi ya sumu na uchovu, basi. Kinga dhidi ya kutekwa akili haipo. Tena kinaelewa lugha zote kilizozijua kilipokuwa hai. Uchawi wa kumteka mtu akili hautakipata kweli, lakini si kwa sababu ya fuvu tupu. Hautakipata kwa sababu unawalenga viumbe wa jamii ya watu pekee, na kiunzi ni wa jamii ya wafu. Uchawi wa ushawishi, ule wa kumpa mtu pendekezo akalifuata, hauna sharti hilo. Unadai tu kwamba mlengwa akusikie, akuelewe, na asiwe na kinga ya kutekwa akili. Kwa hiyo mlinzi wa mifupa mlangoni anaweza kabisa kushawishiwa akakague ukumbi wa pili, akishindwa dadu yake ya kujinusuru, ile mlengwa anayorusha ili auepuke uchawi. Nimeona kundi zima likipita mlangoni kwa njia hiyo bila upanga kutoka alani, na nilifurahi kuliko wao.

Uchawi wa usingizi, kwa upande wake, unawataja wafu waziwazi kuwa hauwagusi. Ule wa kumgandisha kiumbe chochote pia umeandika hivyohivyo. Maneno machache, mwishoni mwa aya, na ndiyo yanayoamua kila kitu.

Kuponya ndiko kunakowachanganya wanaohama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine. Katika toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lililotoka 2000, uchawi wa kuponya majeraha ukimpata mfu unamuumiza, na ule wa kujeruhi unamtibu. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, ilirithi wazo hilo na inalo hadi leo: kasisi wa Pathfinder anaweza kutumia uponyaji kama silaha. Kanuni za 2014 zililiacha. Humo uponyaji wa kawaida haumfanyi mfu chochote, haumtibu wala haumchomi. Kwa hiyo kabla ya kuandaa orodha yako muulize msimamizi swali hilo peke yake. Litakuokolea nafasi nyingi za uchawi, maana kwa siku unazo chache tu.

Sumu sitaizungumzia sana. Karibu wafu wote wana kinga nayo, iache nyumbani.

Kwa zombi nitakaa zaidi, maana ndiye mfu anayekutana na wahusika wachanga na ndiye anayewatesa. Ana pointi 22 za uhai, ni mzito wa kukwepa, na ana tabia moja ya kuudhi: akifikishwa sifuri, anarusha dadu ya kujinusuru ya mwili, na akifaulu anabaki na pointi 1, amesimama. Kipimo anachopaswa kukifikia ni 5 jumlisha madhara aliyoyapata kwa pigo hilo. Anaongeza 3 kwenye dadu yake. Piga hesabu. Ukimmaliza kwa pigo la pointi 5 anahitaji kufikisha 10, yaani dadu ionyeshe 7 au zaidi, na hilo hutokea mara 7 katika kila 10. Ukimmaliza kwa pigo la pointi 12 anahitaji 17, na nafasi yake inashuka hadi asilimia 35. Maana yake ni kwamba vipigo vidogo vya mwishoni ndivyo vinavyomrefushia maisha. Mpunguzeni kwa vipigo vidogo, kisha pigo la mwisho liwe zito.

Au, bora zaidi, liwe la nuru. Madhara ya nuru yanafuta tabia hiyo kabisa, sawa na pigo ambalo dadu yake imeonyesha 20. Mwali mtakatifu, uchawi mdogo ambao kasisi anaurusha bila kikomo, ni wa nuru, na mlengwa anaukwepa kwa wepesi, jambo ambalo zombi hana. Siku zote namwambia kasisi mgeni mezani asubiri zamu yake iwe ya mwisho kwa zombi aliyekwisha kuchakaa.

Kuna nguvu nyingine ya kasisi inayoharibiwa na wenzake bila wao kujua: kufukuza wafu. Mfu aliyeshindwa kujinusuru anakimbia kwa dakika 1, lakini akipata madhara yoyote athari inakatika hapo hapo. Kasisi amewatimua wafu sita, mchawi anaona wamejikusanya pembeni vizuri, anawarushia mpira wa moto, na wale walionusurika wanarudi vitani. Semezaneni kabla. Wanaokimbia waachwe wakimbie, nguvu zenu ziende kwa waliobaki. Kuanzia daraja la 5 la kasisi, wafu dhaifu walioshindwa hawakimbii tena, wanaangamia papo hapo: zombi, viunzi vya mifupa, hata vivuli. Wale walao maiti bado, hadi daraja la 8. Kwa kanuni za 2024 hawaangamizwi moja kwa moja bali wanachomwa kwa nuru, na kule madhara hayo hayakatizi athari ya kufukuzwa.

Kwa wasimamizi nina ombi. Kanuni zikisema uchawi hautafanya kazi, mpe mchezaji dalili kabla hajaurusha. Si lazima umtajie kinga. Mwambie kifua cha kiumbe hiki hakipandi wala kushuka, na kwamba mshale wenye sumu uliomchoma umening'inia tu ubavuni. Mchezaji makini atajua. Akirusha hata hivyo, amechagua mwenyewe.

Na mchezaji ukidokezwa makaburi usiku wa kuamkia safari, badilisha uchawi ulioandaa. Kasisi ana ruhusa hiyo baada ya kila pumziko refu. Weka kinga dhidi ya wema na uovu, ambayo licha ya jina lake inahusu wafu pia: aliyekingwa hawezi kupagawa na mzuka, na wafu wanaomshambulia wanarusha dadu mbili wakachukua ndogo. Urushe kabla mzuka hajamwingia mtu, kwani baadaye unasaidia tu kujinusuru upya.

Weka pia ule wa kuihifadhi maiti. Unahitaji chumvi kidogo na sarafu ya shaba juu ya kila jicho, na kwa siku 10 mwili huo hauozi wala hauwezi kugeuka mfu hai. Wachezaji wanaudharau hadi mwenzao anyonywe nguvu zote na kivuli, maana kwa kanuni za 2014 mtu asiye mwovu aliyekufa hivyo huzaa kivuli kipya baada ya saa 1 hadi 4. Ukiufanya kama ibada unaongeza dakika 10 na hutumii nafasi yoyote ya uchawi, kwa hiyo hata kasisi aliyeishiwa kabisa anauweza.