Asubuhi Kos, mchana Bodrum: maswali ya viza kwa safari ya siku moja

Msimu wa kiangazi boti za abiria huvuka kati ya visiwa vya Ugiriki na pwani ya Uturuki: Kos na Bodrum, Rhodes na Marmaris, Samos na Kuşadası, Chios na Çeşme, Lesbos na Ayvalık. Safari yenyewe ni fupi, nyingine haifiki saa moja, lakini ukishuka ng'ambo umetoka Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maswali haya yametoka kwa wasomaji wenye pasipoti za Afrika Mashariki.

Nina pasipoti ya Tanzania na viza ya Schengen kwa likizo ya Kos. Mwenye hoteli ananiambia Bodrum ni kwenda na kurudi tu, hakuna shida. Ni kweli? (Msomaji, Arusha)

Tazama kwanza stika ya viza, sehemu ya idadi ya kuingia. Ikisema MULT (kuingia mara nyingi), unaweza kurudi maadamu viza haijaisha na siku zako bado zipo. Ikisema 01, usipande boti hiyo. Ukishatoka Kos kwenda Uturuki, ruhusa yako ya kuingia mara moja imekwisha, hata kama siku kumi zilikuwa zimebaki.

Mwenye hoteli hakudanganyi. Wageni wake wengi ni Wajerumani, ambao huingia Uturuki kwa kitambulisho cha taifa, na Waingereza, ambao hawahitaji viza ya Uturuki tangu Machi 2020. Usitegemee pia kwamba afisa wa asubuhi atakuzuia. Kutoka unaruhusiwa, na si kazi yake kukuuliza utarudi vipi. Shida inakungoja jioni. Ukikataliwa Kos, mwenye boti analazimika kukurudisha alikokutoa, na huko nako viza yako ya Uturuki ya kuingia mara moja umekwisha kuitumia asubuhi. Mizigo iko hotelini, wewe uko bandarini. Kuomba Schengen nyingine ukiwa mgeni Uturuki ni kugumu, kwa sababu kwa kawaida ubalozi hupokea maombi ya wanaoishi kihalali katika nchi ulipo.

Kama bado hujaomba viza, omba ya kuingia zaidi ya mara moja, na uonyeshe siku ya Bodrum kwenye ratiba ya safari unayoambatanisha. Ombi lisilo na sababu ya kurudi mara ya pili ni rahisi kujibiwa kwa 01.

Mimi ni Mkenya, nina kibali cha ukaazi cha Uholanzi. Je, kinatosha kuingia Uturuki? (Msomaji, Rotterdam)

Hakitoshi, ila kinakurahisishia. Mwenye pasipoti ya kawaida ya Kenya, Tanzania au Uganda aliye na viza au kibali halali cha nchi ya Schengen, Uingereza, Ireland au Marekani anaweza kuomba viza ya mtandaoni ya Uturuki: kuingia mara moja, kukaa hadi siku 30. Omba kwenye evisa.gov.tr pekee. Tovuti nyingine zinazofanana nayo ni za mawakala wanaokutoza zaidi kwa kukujazia fomu ile ile.

Mambo matatu ndiyo huwakwamisha watu. Kibali unachokitaja lazima kiwe hai siku utakayoingia Uturuki, si siku unayoomba tu. Viza au kibali cha kielektroniki cha nchi hizo hakikubaliwi kama kielelezo cha ombi lako. Na jina na namba ya pasipoti viandikwe kama vilivyo kwenye pasipoti. Herufi moja ikikosewa, lipia upya. Pasipoti nayo iwe na angalau miezi 6 mbele. Chapisha viza kwenye karatasi, na ukate tiketi siku moja kabla, kwani kampuni za boti huhitaji taarifa za pasipoti kwa orodha ya abiria. Jioni, unaporudi, onyesha pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi. Kadi ukiiacha hotelini, umejitafutia mahojiano marefu.

Kibali changu cha Ujerumani kimeisha, nina Fiktionsbescheinigung (hati ya muda wakati ombi la kibali kipya linasubiri jibu). Naweza kwenda Bodrum? (Msomaji, Hamburg)

Tunakushauri uahirishe. Fungua ukurasa wa 3 wa karatasi hiyo. Kama kisanduku cha tatu ndicho kilichotiwa alama (kifungu cha 81, aya ya 4, cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani), unaweza kurudi Schengen ukiwa nayo pamoja na pasipoti na kadi ya zamani. Cha kwanza au cha pili hakikupi haki ya kurudi. Hata ukiwa na cha tatu, kadi iliyokwisha muda haikufai kuombea viza ya mtandaoni ya Uturuki, kwa hiyo utalazimika kupitia ubalozi wao. Kwa chakula cha mchana Bodrum, hiyo ni kazi kubwa mno.

Nikienda Uturuki kwa siku moja, naokoa siku katika zile 90 ninazoruhusiwa kukaa Schengen ndani ya siku 180? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Siku ya kutoka na siku ya kuingia zote huhesabiwa, na kwako ni siku moja hiyo hiyo. Ukilala Bodrum usiku mmoja pia hujaokoa kitu.

Shikamooni. Nasoma Izmir, nina pasipoti ya Uganda na ikamet (kibali cha ukaazi cha Uturuki). Nasikia visiwani wanatoa viza bandarini. (Msomaji, Izmir)

Marahaba. Utaratibu huo upo tangu 2024, wa siku 7 katika visiwa vilivyotajwa, vikiwemo Chios, Samos, Kos, Rhodes na Lesbos, lakini ni wa raia wa Uturuki na familia zao. Ikamet haikuingizi humo. Wewe omba Schengen ya kawaida kwa Ugiriki, palepale Izmir, kwa kuwa unaishi hapo kihalali. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Kabla ya kuvuka hakikisha ikamet haijaisha, maana ndiyo itakayokurudisha.

Naweza kurudi Kos na jibini na sucuk (soseji ya Kituruki)? (Msomaji, Brussels)

Hapana. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hunyang'anywa forodhani, hata kipande cha kula njiani. Vitu vingine vinavyoingizwa kwa njia ya bahari vina kikomo cha euro 430 kwa mtu mzima, na pombe kali ni lita 1. Lokum (peremende laini ya Kituruki) isiyo na maziwa haina tatizo.