Maswali na Majibu: Satpal, Udongo wa Delhi na Filimbi ya Refa

Nilipomtaja Satpal Singh, mwanamieleka na kocha wa India, kwenye safu hii, nilimpa mstari mmoja tu na kupita. Wasomaji hawakuniachia. Maswali yamekuja mengi, mengine ya kunisuta. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

"Huyo Satpal ndiye yule jitu la kwenye televisheni, aliyekuwa akipigana na akina Undertaker?" (Msomaji, Morogoro)

Hapana, ndugu yangu. Yule ni Dalip Singh Rana, maarufu The Great Khali, polisi wa zamani wa Punjab aliyekwenda Marekani na kuvaa mkanda wa dunia mwaka 2007. Ile ni mieleka ya maonyesho. Mshindi anajulikana kabla taa hazijawashwa. Satpal alicheza ile nyingine, ya Olimpiki, ambayo anayeanguka ameanguka kweli.

"Basi tueleze alifanya nini cha maana." (Msomaji, Kisumu)

Alizaliwa mwaka 1955 Bawana, kijiji cha pembezoni mwa Delhi. Akiwa kijana alipelekwa kwa mzee mmoja aliyeitwa Guru Hanuman, na huko akafunzwa hadi Wahindi wakampa jina la Mahabali, yaani mwenye nguvu kuu. Kwenye Michezo ya Asia alianza na shaba mwaka 1974 Tehran, akapata fedha 1978 Bangkok, kisha dhahabu 1982 nyumbani kwao Delhi, uzito wa kilo 100. Ukizipanga hivyo utaona ngazi, mtu anapanda kidato kimoja kila baada ya miaka minne. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilimfanyia kinyume: fedha Christchurch 1974, fedha Edmonton 1978, fedha tena Brisbane 1982. Mara tatu anamaliza wa pili, mara tatu mwingine ndiye anayepigiwa wimbo wa taifa.

Olimpiki haikumpa kitu. Naamini deni hilo ndilo lililomfanya awe kocha wa namna aliyokuwa. Mwaka 1988 alianza kufundisha vijana kwenye uwanja wa Chhatrasal, kaskazini mwa Delhi. Mmoja wao alikuwa mtoto wa dereva wa basi, Sushil Kumar, aliyefika hapo akiwa na miaka kama 14. Beijing 2008 Sushil akapoteza pambano lake la kwanza. Watu walishaanza kukunja bendera. Lakini kanuni ya mieleka inasema aliyekutoa akifika fainali, nawe unafufuliwa ugombee shaba. Aliyemtoa, Andriy Stadnik wa Ukraine, akafika fainali. Sushil akarudi ulingoni, akashinda mapambano matatu mfululizo, akatoka na shaba. India ilikuwa haijaona medali ya mieleka ya Olimpiki kwa miaka 56.

Mwaka 2010 Sushil akawa bingwa wa dunia Moscow, Mhindi wa kwanza kufika hapo, na London 2012 akachukua fedha. Satpal alimwoza binti yake.

Tena kuna hili la tuzo, ambalo mimi hunifurahisha. India humpa mchezaji bora tuzo ya Arjuna, na kocha bora tuzo ya Dronacharya. Majina hayo yametoka kwenye utenzi wao wa kale: Drona ni mwalimu wa upinde, Arjuna ni mwanafunzi wake. Satpal alipewa ya mwanafunzi mwaka 1974 na ya mwalimu mwaka 2009. Katikati hapo imepita miaka 35.

"Huyo Guru Hanuman alikuwa na siri gani? Dawa?" (Msomaji, Tanga)

Siri ilikuwa samli, na kuamka alfajiri.

Jina lake halisi ni Vijay Pal, mzaliwa wa Rajasthan mwaka 1901. Alikuja Delhi kijana, na mwaka 1925 akaanzisha akhara karibu na kiwanda cha nguo cha Birla. Akhara ni nyumba na shule kwa pamoja. Vijana wanalala humo, wanapika humo, wanafagia humo, na katikati kuna shimo la udongo laini ambamo mieleka inapigwa. Udongo wenyewe unatunzwa kama unga wa maandazi: unalimwa, unachambuliwa mawe, unachanganywa mafuta, manjano na maziwa ya mgando ili usikaushe ngozi wala kuozesha michubuko. Mavazi ni winda tu. Mazoezi ni kuchuchumaa na kuinuka mamia kwa mamia, kujisukuma chini kwa mikono, kuzungusha marungu mazito ya mbao. Chakula ni maziwa, lozi, samli na chapati.

Mzee hakuoa. Watoto wake walikuwa wanamieleka, na wakikosea aliwachapa kwa fimbo kama baba wa zamani. Alipewa Dronacharya mwaka 1987, akafariki kwa ajali ya gari mwaka 1999, umri miaka 98. Wahindi wanamtaja kwa kushusha sauti kidogo, kama sisi tunavyowataja walimu wetu wa chuoni waliotufinya masikio.

"Kama walifundishwa kwenye udongo, mbona Olimpiki ni kwenye mkeka?" (Msomaji, Mombasa)

Umegonga penyewe. Udongo ni mzito, unashika mguu, unamfaa mwenye pumzi na subira. Kwenye mapambano ya vijijini kwao, yanayoitwa dangal, hakuna hesabu ya pointi ya kukusumbua. Kazi yako ni kumlaza mwenzio chali. Mnaweza kushikana hadi jua lizame. Mkeka wa sponji ni mwepesi, unateleza kwa jasho, na saa inakimbia: vipindi viwili vya dakika tatu, pumziko la nusu dakika. Ukimsukuma mtu nje ya duara, pointi moja. Ukimwangusha na kumzunguka nyuma, mbili. Ukitangulia kwa pointi kumi katika mtindo huru, ule unaoruhusu kushika miguu, mchezo umekwisha hata kama hajalala chali.

K. D. Jadhav, aliyeipatia India shaba ya Helsinki mwaka 1952, alikuwa mtu wa udongo kutoka Maharashtra. Ili asafiri, mkuu wa chuo alichosoma aliweka nyumba yake rehani kwa rupia 7,000. Nusu karne baada ya hapo bado kulikuwa na vijana wa India wanaoonja mkeka kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kukomaa. Kazi kubwa ya Satpal pale Chhatrasal, kwa maoni yangu, ilikuwa kuwawahi wakiwa wadogo: nidhamu ya akhara ileile, lakini mguu uzoee mkeka.

"Nimesikia mabingwa wa zamani wengine huwa marefa. Mtu anaweza kuwa kocha na refa kwa mpigo?" (Msomaji, Muscat)

Katika mji wako, kwenye mashindano ya mtaa, labda. Kwenye ngazi ya dunia, hapana: huwezi kukaa kwenye kiti cha kona ukimpigia kelele kijana wako asubuhi, kisha jioni uvae filimbi. Tena refa hapewi pambano la mtu wa nchi yake. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, India ilikuwa na refa wake, Ashok Kumar, mwanajeshi wa Jeshi la Anga. Mapambano ya Wahindi wenzake yalikuwa ya wengine kuyaamua.

Niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana watu huidharau. Waamuzi ni watatu. Refa yuko mkekani na wanamieleka, jaji yuko pembeni, na mwenyekiti wa mkeka yuko mezani. Refa amevaa kitambaa chekundu mkono wa kushoto na cha bluu mkono wa kulia, sawa na rangi za wachezaji. Ananyanyua mkono wa rangi husika na kuonyesha pointi kwa vidole. Pointi haihesabiki mpaka wawili kati ya watatu wakubaliane. Kocha asiporidhika anarusha sponji mkekani, video inarudishwa. Akikosea, mpinzani anaongezewa pointi moja, na kocha huyo hana tena haki ya kupinga katika pambano hilo.

Nusu fainali ya kilo 57, Tokyo, Agosti 2021. Ravi Dahiya, kijana mwingine wa Chhatrasal, yuko nyuma 2–9 dhidi ya Nurislam Sanayev wa Kazakhstan, na dakika zinayoyoma. Anajikokota, anapata pointi mbili tatu, kisha anamkamata mwenzie na kumgandamiza. Sanayev anamng'ata mkono. Ravi haachii. Hapo refa amelala kifudifudi, shavu karibu liguse mkeka, anachungulia kama mabega yote mawili yamegusa. Akiona sawa, bado anahitaji jaji au mwenyekiti akubali, ndipo apige mkeka kwa kiganja na kupuliza filimbi. Pambano likaishia hapo, Ravi mshindi, na zile tisa zote zikafutika.

Aliyewahi kucheza anajua bega linavyofichwa, kwa sababu alikuwa akilificha yeye. Hiyo ndiyo faida yake. Hasara ni kwamba mwili wake bado unacheza: anaona mtego unakuja na mkono unataka kuinuka kabla mtego haujafyatuka. Refa hulipwa kwa kilichotokea, si kwa kilichokaribia kutokea. Kocha ndiye anayeishi kwenye kilichokaribia.

"Mbona hukusema Sushil yuko kwenye kesi ya mauaji? Mwalimu wake hana lawama?" (Msomaji, Arusha)

Ni kweli. Alikamatwa Mei 2021 kufuatia kifo cha mwanamieleka kijana aliyepigwa hapohapo Chhatrasal. Sushil anakanusha, na kesi ni ya mahakama. Kuhusu mwalimu, sina la kumhukumu. Ila siwezi tena kuusifia uwanja ule kwa mdomo uliojaa kama nilivyofanya zamani.

"Uwanja huo bado unatoa mabingwa, au ndiyo basi?" (Msomaji, Bujumbura)

Paris 2024, Aman Sehrawat, shaba, kilo 57. Alikuwa na miaka 21. Ni wa hapohapo.

"Mwanamieleka wanamwitaje kwao?" (Msomaji, Lamu)

Pehlwan, neno la Kiajemi. Wewe wa Lamu hukupaswa kuniuliza, maana mabaharia walilileta pwani kitambo. Muulize bibi maana ya pahalawani. Atakwambia ni mtu wa kupindua viungo na kutembea juu ya kamba.