Leza iliyosokotwa hupitaje katika hewa isiyotulia?

SWALI: Nimesoma kwamba mwanga wa leza uliosokotwa huweza kubeba habari nyingi kwa mkupuo. Je, msokoto huo haufumuki njiani, hasa hewa inapochafuka?

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, ingawa msokoto haufumuki hasa, bali huchanganyika. Katika mwanga huu mawimbi huzunguka mhimili wa mwale kama hesi za parafujo, na kwa sababu hiyo katikati ya doa lake huonekana tundu jeusi. Mwaka 1992 mwanafizikia Les Allen na wenzake walionyesha kwamba mzunguko huo huhesabika kwa namba kamili, kulia au kushoto. Hivyo miale yenye namba tofauti inaweza kusafiri katika njia moja, kila mmoja na ujumbe wake, kisha ikatenganishwa inapopokelewa.

Hewa yenye joto lisilolingana huchelewesha upande mmoja wa mwale kuliko mwingine. Mwale uliotumwa ukiwa na namba 3 hufika ukiwa na sehemu ya 3, sehemu ya 2, sehemu ya 4, na mabaki kidogo ya namba za mbali zaidi, na ujumbe wa njia moja huvujia katika njia jirani.

Dawa inayojulikana zaidi ni kioo kinachobadili umbo lake mamia ya mara kwa sekunde ili kunyoosha kilichopindwa na hewa. Binafsi hunivutia zaidi jaribio lililofanywa Vienna, Austria, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2014: watafiti hawakuunyoosha mwanga hata kidogo, bali waliurusha umbali wa kilomita 3 juu ya mji hadi kwenye ukuta mweupe, wakaipiga picha michoro iliyojitokeza, na kuiachia kompyuta iliyofunzwa kazi ya kutambua ni mchoro upi kati ya 16 uliotumwa. Ilikosea kwa wastani wa asilimia 1.7 tu. (Miongoni mwa walichotuma ilikuwamo picha ya Mozart, mtunzi wa muziki aliyeishi Vienna; wangetuma nini kingine kutoka mji ule?) Baadaye njia kama hiyo ilijaribiwa kati ya visiwa vya La Palma na Tenerife huko Kanari, umbali wa kilomita 143, japo makosa yaliongezeka.

Ukungu na maji machafu ni shauri jingine, kwani chembe zake hutawanya na kufyonza mwanga wenyewe, na hakuna kioo kinachoweza kurekebisha mwanga usiofika.