Nimepunguzwa hotelini, madeni yananikaba: nianzie wapi?

SWALI

Asalaam aleikum Bi Karani,

Mimi ni mpishi wa mikate na vitamutamu. Nimefanya kazi miaka 11 kamili katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, nimeajiriwa kwa kudumu, mshahara shilingi 27,000. Tarehe 12 mwezi wa tano tuliitwa ofisini watu tisa, tukapewa barua: wageni wamepungua, hoteli inapunguza wafanyakazi, kazi inaishia leo. Wanataka kunipa 60,000 "kama shukrani", lakini kwanza nitie sahihi karatasi inayosema sidai chochote tena. Sijatia. Siku 14 za likizo yangu sikuzichukua, na hata siku 12 za mwezi huo sijalipwa.

Madeni yangu ni haya. Sacco, zimebaki 140,000 (akiba yangu humo ni 92,000, na shemeji yangu ni mmoja wa wadhamini). Mikopo miwili ya simu, 15,400. Fuliza (deni la M-Pesa), 3,500. Dukani kwa jirani, 8,600. Karo ya binti yangu wa kidato cha pili, 11,000. Chama chetu cha mtaani nilishapokea zamu yangu, nimebakisha kuchanga 12,000. Mmoja wa wale wa mikopo ya simu alimpigia mpishi mkuu wangu wa zamani akaniita mwizi.

Tunakaa Barani, nyumba ya marehemu baba, kwa hivyo kodi hatulipi. Mama ana miaka 71, hupokea zile 2,000 za wazee. Je, serikali ina pesa za mtu aliyepoteza kazi? Nami nichukue hizo 60,000 ninunue oveni nianze kuoka? Kuna bwana mmoja pia yuko tayari kunikopesha 50,000 nikimwachia kadi ya benki na kitambulisho. Mke wangu anajua nimeachishwa, lakini hajui madeni ni kiasi gani.

Mpishi, Barani

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Madeni umeyaorodhesha mpaka la dukani, lakini unachodai wewe hukukipigia hesabu hata kidogo. Wengi wanaoniandikia hufanya hivyo hivyo, ndiyo maana 60,000 huonekana nyingi.

Kabla sijastaafu nilikuwa karani wa mishahara, na barua kama hiyo yako nimezipiga chapa. Mwajiri akishaandika kwamba anapunguza wafanyakazi, ameingia katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na humo hatoki kwa bahasha ya shukrani. Alitakiwa atoe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla, kwako na kwa afisa wa leba, aeleze sababu. Alitakiwa achague wa kuondoka kwa kutazama ukongwe kazini, ujuzi na uaminifu (si kwa kutazama nani humjibu meneja). Kisha akulipe mwezi mmoja wa notisi, likizo iliyobaki, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Sasa chukua kalamu. Nagawa mshahara kwa siku 30. Siku 15 zako ni 13,500. Mara miaka 11, ni 148,500. Notisi, 27,000. Likizo ya siku 14, 12,600. Siku 12 ulizofanya kazi mwezi wa tano, 10,800. Jumla 198,900, kabla ya kodi. Madeni yako yote niliyojumlisha ni 190,500. Umeona? Hao waliokuita ofisini wana pesa zako zaidi ya unazodaiwa mji mzima. Na kama ulikuwa ukikatwa mchango wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, waulize mkataba wao na hoteli unasemaje, maana mkataba wa chama unaweza kuzidi hizo siku 15.

Karatasi ile usiitie sahihi. Nenda kwa afisa wa leba ukiwa na barua, stakabadhi za mshahara, barua ya kuajiriwa kama unayo, na kitambulisho. Kupeleka malalamiko kwake hakulipishwi. Wenzako wanane nao wana barua ile ile, basi nendeni pamoja. Mtu mmoja huambiwa arudi kesho, watu tisa huwekewa viti. Hoteli ikikataa kabisa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba inakaa hapa hapa Malindi, na dai kama lako lina miaka 3 kabla halijapitwa na wakati. Ila usingoje. Hoteli zetu hizi hubadilisha wenyewe, na mwenye mpya hupenda kusema yeye hakuwajua.

Umeuliza pesa za serikali. Za mtu aliyepoteza kazi hakuna, nakwambia wazi usije ukatozwa "ada ya fomu" na tapeli. NSSF, ile akiba ya uzeeni, ni pesa zako, lakini hutolewa ukifika miaka 60, au kuanzia 50 ukistaafu mapema. Unachoweza kufanya sasa ni kuomba taarifa ya michango yako uone kama makato ya kila mwezi yalifika kweli. Yasipofika, hilo nalo mpelekee afisa wa leba. Upande wa matibabu, SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilikuwa ikikatwa asilimia 2.75 ya mshahara wako. Sasa utaulizwa maswali kuhusu nyumba na mapato, kisha upangiwe mchango usiopungua 300 kwa mwezi, nao hutakiwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Ukipata malipo yako, huo uwe mbele ya madeni yote ya simu. Na zile 2,000 za Inua Jamii ni za mama. Asizijue Fuliza.

Tuje kwenye madeni. Utaambiwa dawa ya deni ni kulipa. Kweli, lakini dawa hunywewa kwa kipimo, na wewe kila chupa unataka kuimaliza leo.

Anza na sacco, kwa sababu nyuma yake yupo shemeji yako. Usingoje ukose kulipa mwezi wa kwanza. Peleka barua leo, ambatanisha nakala ya barua ya kuachishwa, omba muda wa mkopo urefushwe na malipo ya mwezi yapunguzwe. Sacco huwasikiliza wanaokuja kabla ya kuitwa. Wakikataa, ipo njia ya pili: uanachama ukome, akiba ya 92,000 ikate deni, ubaki na 48,000. Sikupendekezei kwanza, maana ukishavunja akiba hiyo hutaijenga tena upesi, lakini ni afadhali kuliko shemeji kukatwa mshahara kwa ajili yako. Kwa vyovyote mwambie mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajapata habari kutoka ofisini kwao.

Chama na duka ni watu wa mtaa wako. Kwa jirani lipa kidogo kidogo kila wiki, hata 200, naye aandike mbele yako kwenye daftari lake. Ndiye atakayekukopesha unga mwezi wa saba. Kwenye chama omba usogezewe miezi, wala usiache kuhudhuria. Shuleni muone mhasibu, si mwalimu wa darasa, mwandikiane tarehe.

Fuliza ni jambo dogo linalouma. Dada yako akikutumia 1,000 ya chakula kwenye laini hiyo, inamezwa kabla hujaiona, na ada ya kila siku inaendelea kukimbia. Basi msaada wa chakula upokelewe kwa laini ya mkeo au kwa mkono. Malipo ya hoteli yakitoka, hiyo 3,500 ifunge siku hiyo hiyo, na huduma yenyewe uiondoe.

Wale wa mikopo ya simu watangoja. Waandikie ujumbe: nimeachishwa kazi, nitalipa kiasi fulani kuanzia tarehe fulani. Usikope huku ukalipe kule. Hapo ndipo 6,000 hugeuka 15,000. Watakutisha na CRB, wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo, na ni kweli wanaweza kukuorodhesha, na jina hubaki hapo miaka 5 hata baada ya kulipa. Ni hasara, lakini deni la namna hiyo si kosa la jinai, polisi hawana kazi nalo. Ama kumpigia mpishi mkuu na kukuita mwizi, kanuni za 2022 za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza. Hifadhi namba, saa na ujumbe wowote uliotumwa, ulalamike Benki Kuu na kwa Kamishna wa Data. Kulalamika hakufuti deni, ila hunyamazisha simu.

Bwana wa kadi na kitambulisho, mkatae leo. Atakayeshika kadi yako ndiye atakayepokea malipo yako ya hoteli, si wewe.

Oveni, bado. Najua mikono inawasha, na mtu aliyeoka mikate ya wageni miaka 11 hapendi kurudi kwenye karai. Lakini Barani hawanunui keki kila siku, wananunua mahamri alfajiri. Karai unayo, jiko unalo. Anza na kilo mbili za unga, iliki na nazi, upeleke kwenye vibanda vya chai kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na pesa ya unga wa kesho ikae kwenye kopo lake, isiguswe hata na karo. Ukiona zinaisha mwezi mzima, tuzungumze habari ya oveni, tena ya gesi, si ya umeme kwa bei ya tokeni za siku hizi.

Mkeo mwonyeshe orodha yote, na ile hesabu ya 198,900 ikiwa ubavuni mwake, ili asisikie ya kutisha peke yake. Mahamri hayo mtakanda wawili, na laini ya simu itakayopokea pesa ni yake. Hutaweza kumficha hata ukitaka.

Jambo la mwisho, hukuliuliza. Dai cheti cha utumishi. Mwajiri analazimika kukupa kwa sheria hiyo hiyo, hata kama mnagombana juu ya pesa. Waitaliano hurudi mwezi wa saba na wa nane, hoteli za Watamu huanza kutafuta wapishi kabla yao, na mtu wa kwanza kuulizwa cheti ni yule anayesema alifanya kazi Malindi.

Bi Karani